Tunamwogopa mwizi kuliko moto

Kuna msemo tunaoupenda sana hapa kwetu: ajali haina kinga. Kila moto unapoteketeza nyumba pamoja na watu waliomo, msemo huo husikika matangani, katika hotuba za wakubwa, na hata kutoka kwa wenye majengo yaliyoungua. Mimi ni daktari wa magonjwa ya kawaida, wala si mtaalamu wa zimamoto. Lakini baada ya miaka mingi ya kuwatibu waliochomeka, na kuzungumza na jamaa za wale ambao hawakuwahi kufikishwa hospitalini, nimeshindwa kuukubali msemo huo. Vifo vingi vya moto vina kinga, na mara nyingi kinga yenyewe imo mfukoni mwa mtu ambaye hayupo. Ni ufunguo.

Tazama tunavyoishi mijini. Dirisha lina vyuma. Mbele ya mlango wa mbao kuna mlango wa chuma, na huo wa chuma una kufuli kubwa. Chini kuna lango moja la ploti nzima, ambalo msimamizi hulifunga saa nne au saa tano za usiku, kisha akaenda kulala na ufunguo wake. Kazini nako mlango wa nyuma umefungwa kwa mnyororo ili bidhaa zisitoroshwe. Tumefanya hivyo kwa sababu nzuri, maana wezi wapo na wametutesa. Lakini vyuma vinavyomzuia mwizi asiingie ndivyo hivyo hivyo vinavyokuzuia wewe usitoke. Tumemwogopa mwizi kwa muda mrefu hata tumesahau kuuogopa moto.

Kinachoua ni moshi

Wananchi wengi hudhani kwamba mtu aliyekufa motoni aliuawa na ndimi za moto. Ukweli ni kwamba wengi wanaokufa ndani ya majengo yanayoungua huuawa na moshi, tena kabla moto wenyewe haujawafikia. Ni muhimu msomaji aelewe jambo hili, kwa kuwa ndilo linaloeleza kwa nini kufuli ni hatari kuliko tunavyodhani.

Kitu kinapoungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Ndani ya damu yetu mna chembe nyekundu ambazo kazi yake ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka kwenye ubongo, moyo na viungo vingine. Kaboni monoksaidi hushikamana na chembe hizo kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Basi damu hujaa gesi hiyo, na oksijeni hukosa mahali. Mtu huumwa na kichwa, huona kizunguzungu, akili huchafuka, miguu huishiwa na nguvu, kisha huzimia.

Zingatia hapo kwenye akili kuchafuka. Mtu aliyevuta moshi kwa dakika mbili tatu hawezi kutafuta ufunguo mmoja katika shada la funguo kumi, gizani, akautia katika tundu la kufuli na kuuzungusha. Mikono yake haimtii tena. Kazi ambayo huifanya kila asubuhi bila kufikiri inakuwa ngumu kuliko mtihani.

Hiyo ni gesi moja tu. Magodoro ya sponji, makochi, mapazia ya nailoni na vyombo vya plastiki tulivyojaza majumbani hutoa sumu nyingine vikiungua, sianidi ikiwa mojawapo. Moshi wake ni mweusi tititi, na huweza kujaza chumba cha kupanga katika muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Hewa yenyewe huwa na joto la kuunguza koo.

Kuna wanaojituliza kwa kusema, "Nitasikia harufu ya moshi niamke." Wasijidanganye. Mtu akiwa usingizini pua yake haimlindi. Harufu haimwamshi kama sauti inavyomwamsha, na hiyo kaboni monoksaidi humzidishia usingizi. Ndiyo maana kuna vifaa vidogo vya kubandika darini ambavyo hulia kwa sauti kali vikigundua moshi. Vinauzwa mijini, navyo vinastahili kuwa ukutani kabla ya televisheni.

Kwa hivyo, tangu moshi uanze kuingia chumbani, una dakika chache tu za akili timamu. Gari la zimamoto, hata likiwa na dereva hodari, halitafika katika dakika hizo kutoka kituoni Tom Mboya Street hadi mtaani kwako, likipita katikati ya vibanda na magari yaliyoegeshwa ovyo. Utakalotegemea ni mlango wako ufunguke.

Tumefundishwa, hatukusikia

Nchi yetu imelipa karo kubwa kwa somo hili, na walioilipa zaidi ni watoto. Machi 1998 wasichana 26 walifariki katika bweni la Shule ya Wasichana ya Bombolulu, Pwani. Machi 2001 wavulana 67 walikufa katika Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos. Katika mikasa yote miwili habari zilizotolewa zilifanana: madirisha yalikuwa na vyuma, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Moto wa Kyanguli uliwashwa makusudi kwa petroli, na aliyeuwasha ana lawama yake mbele ya watu na mbele ya Mungu. Hata hivyo, petroli peke yake haielezi kwa nini vijana wengi namna ile, wenye nguvu na mbio, walishindwa kutoka katika jengo walilolijua.

Mnamo 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni. Mwongozo huo unasema kwamba madirisha ya bweni yasiwe na vyuma na yafunguke kwa nje, kwamba bweni liwe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati, na kwamba kati ya kitanda na kitanda iwepo nafasi ya mita 1.2. Ni maneno mazuri, hayana kasoro. Lakini Septemba 2024 wavulana 21 walifariki katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, kwenye bweni lililokuwa likilaza wavulana 156. Mwaka huo huo wizara ilifunga mabweni ya mamia ya shule za msingi kwa kukosa kutimiza masharti. Maana yake ni kwamba kwa miaka 16 mwongozo ulikuwa kabatini, na watoto walikuwa bwenini.

Wala si shule pekee. Tarehe 28 Januari 2009 duka la Nakumatt Downtown katikati ya jiji la Nairobi liliteketea, na karibu watu 30 wakafa. Baadhi ya watu walidai kwamba milango ilifungwa moto ulipoanza ili bidhaa zisiporwe. Madai hayo yalizusha mabishano, nami sina mamlaka ya kuyaamua. Ninalotaka tulikumbuke ni kwamba wengi wetu hatukushangaa kuyasikia. Kila mtu aliyezoea kununua vitu mjini aliona kuwa jambo la namna hiyo lingeweza kutokea, kwa sababu kila siku anaona mlango mmoja ukitumika, mwingine umefungwa kwa mnyororo, na bawabu amesimama akiwatazama watu mikono kuliko kuwatazama nyuso.

Huwa nawasikia wazazi wakighadhabika, na wana haki, kila bweni linapoungua. Wanauliza ni mwalimu gani huyo aliyewafungia watoto nyuma ya vyuma. Kisha jioni wanarudi nyumbani, wanawalaza watoto wao nyuma ya vyuma, wanafunga mlango wa chuma kwa kufuli, na ufunguo wanauweka chini ya mto wao katika chumba kingine. Bweni angalau lina mwongozo wa wizara. Nyumba yako haina mkaguzi mwingine ila wewe.

Mlango wa nyuma kazini

Kazini hatuwezi kusema hakuna sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mahali pa kazi pana njia za kutosha za kutokea moto ukizuka, na kwamba milango ya kutokea haifungwi kwa namna isiyoweza kufunguliwa mara moja kutoka ndani wakati watu wamo. Kanuni za kupunguza hatari ya moto, zilizotoka mwaka huo huo, zinataka pia wafanyakazi wafanye mazoezi ya kukimbia moto angalau mara moja kila mwaka. Msomaji unayefanya kazi ofisini, dukani au kiwandani, hebu jiulize: mara ya mwisho kufanya zoezi hilo ilikuwa lini?

Niliwahi kuitwa kuwapima afya wafanyakazi wa karakana moja ya kushona nguo. Walikuwa kina mama na vijana wapatao 40 katika ghorofa ya pili, na kati ya mashine kulikuwa na marobota ya vitambaa hadi darini. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli. Nilimuuliza mwenye karakana sababu yake, naye alinijibu kwa adabu.

"Daktari, usinione mtu mbaya. Kabla sijaufunga, kila wiki nilikuwa napoteza vitambaa. Ningeendelea hivyo, hawa wote wangekosa kazi."

Nikamuuliza ufunguo uko na nani. Akasema uko na msimamizi. Nikauliza msimamizi yuko wapi.

"Ametoka kidogo, ameenda benki."

Sikuhitaji kusema zaidi, kwa maana yeye mwenyewe alicheka, kisha akaacha kucheka. Mmoja wa wale kina mama alisema polepole, bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani, "Sisi tumezoea, Daktari."

Sitaki kumdharau yule bwana. Hofu yake ilikuwa ya kweli, na mkate wa watu 40 ulikuwa mikononi mwake. Lakini alikuwa ametatua tatizo la vitambaa kwa kuweka rehani maisha ya washonaji, bila wao kuulizwa. Zipo njia nyingine. Mlango wa dharura unaweza kuwekewa komeo la kusukuma, ambalo hufunguka kutoka ndani kwa mkono mmoja lakini kutoka nje halifunguki. Unaweza kuwekewa kengele, ili mtu akiufungua bila sababu kila mtu asikie. Mizigo inaweza kukaguliwa langoni wakati wa kutoka. Bawabu mmoja anaweza kuketi kando ya mlango huo. Zote hizi zina gharama, ila hakuna hata moja inayogharimu mtu uhai wake.

Ningependa pia kuwaambia wafanyakazi neno. Tunaogopa kuuliza kwa sababu kazi ni haba, na anayelalamika huambiwa mlango ule pale, isipokuwa mlango wenyewe umefungwa. Basi msiulize mmoja mmoja. Ulizeni kupitia kwa kamati ya usalama, kwa chama cha wafanyakazi, au pamoja kama kundi. Idara ya serikali inayosimamia usalama kazini ipo kwa kazi hiyo, na swali la ufunguo uko wapi haliwezi kuitwa uchochezi.

Nyumbani na vyuma vyetu

Kuna atakayesema, "Daktari, wewe huishi mtaani kwetu. Ukiondoa vyuma leo, kesho huna hata sufuria." Sisemi viondolewe. Nasema vifunguke.

Fundi wa kuchomelea vyuma anaweza kukata sehemu ya vyuma vya dirisha moja katika kila nyumba na kuitia bawaba, ili ifunguke kama kidirisha kikubwa cha kumpitisha mtu mzima. Kufuli lake lifungwe kwa ndani, na ufunguo utundikwe kwenye msumari mahali ambapo mkono wa mtu aliye nje haufiki, lakini mkono wa mtoto wa miaka minane aliye ndani unafika. Ufunguo huo usitumiwe kwa kazi nyingine yoyote, wala usihamishwe hata siku moja. Mlango wa chuma nao, ukiweza, uwekewe komeo la ndani lisilohitaji ufunguo. Ikiwa lazima liwe kufuli, ufunguo wake ukae karibu na mlango, si chini ya mto wala ndani ya mkoba wa mama.

Lango la ploti ni jambo la kuzungumzwa na wapangaji wote. Watu wa nyumba 30 hawawezi kulala huku uhai wao ukitegemea usingizi wa mtu mmoja. Kila nyumba iwe na nakala ya ufunguo wa lango, au uwepo mmoja kwenye kisanduku cha kioo karibu na ngazi. Mwenye nyumba akikataa, wapangaji waende wote pamoja. Na ngazi zisigeuzwe stoo ya makochi mabovu, baiskeli na mitungi ya gesi, kwa kuwa ndiyo barabara ya pekee ya kutokea.

Hapa sharti nitofautishe mambo mawili. Kurudisha mlango ni jambo moja, na kuutia kufuli ni jambo jingine. Mlango wa chumba cha kulala uliorudishwa huzuia moshi kwa dakika za thamani, hivyo ni vyema kulala ukiwa umeurudisha. Na ukikimbia moto, urudishe mlango nyuma yako, maana moto hula hewa na kuuachia mlango wazi ni kuulisha. Kinachoua ni mlango usioweza kufunguka.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi. Wako wazazi wanaowafungia watoto ndani kwa kufuli la nje wanapokwenda kazini, hasa zamu ya usiku, wakiwaachia mshumaa au koroboi. Tumesoma habari zao mara nyingi, na kila mara watu humlaani mama. Mimi nimekutana na akina mama wa aina hiyo, na sikumwona hata mmoja asiyewapenda watoto wake. Mama huyo anaogopa mtoto kupotea, kugongwa na gari au kuharibiwa na watu wabaya, na hana pesa za kumlipa yaya. Amepima hatari mbili, akaikimbia ile anayoiona kila siku.

Ninamwomba apime upya. Mtoto aliyefungiwa pamoja na moto hana hata nafasi moja. Mpe jirani ufunguo, hata kama ni jirani mnayegombana naye juu ya maji. Wazazi watatu au wanne wa ploti moja wanaweza kupeana zamu, anayekesha kazini leo awalinde wa wenzake kesho. Makanisa na misikiti yenye kumbi zinazokaa tupu katikati ya wiki ingeweza kuwapa watoto hao mahali. Na usiwaache kamwe watoto peke yao na mshumaa, koroboi au jiko lililowashwa. Taa ndogo ya sola ni salama zaidi. Vivyo hivyo kwa wale wenye uwezo wanaomfungia mfanyakazi wa nyumbani ndani mchana kutwa kwa kutomwamini: mtu usiyemwamini na mlango, umewezaje kumwamini na mtoto?

Moto usiwake

Kutoka ni jambo la kwanza, lakini ni heri zaidi moto usizuke. Nitataja machache ambayo huonekana mara kwa mara majumbani mwetu.

Ekstensheni moja isibebe pasi, friji, jiko la umeme na televisheni kwa pamoja. Ukiona soketi imegeuka rangi au waya una joto, acha kuutumia na umwite fundi wa umeme anayejulikana, si kijana wa kuunganisha nyaya usiku.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutulia chini sakafuni ikingoja cheche. Ukisikia harufu yake, usiwashe wala usizime taa, usiwashe kiberiti, usitumie simu hapo ndani. Funga mtungi kama unaweza kufanya hivyo salama, fungua milango na madirisha, toa watu nje. Mpira wa gesi ulioanza kupasuka haurekebishwi kwa kamba wala gundi, hununuliwa mpya.

Jiko la makaa lisilazwe ndani kwa ajili ya joto. Hata lisipochoma kitu, hutoa ile ile kaboni monoksaidi, na kila msimu wa baridi, Juni na Julai, kuna watu ambao hulala wasiamke. Koroboi na stovu zisitiwe mafuta taa zikiwa zinawaka. Mafuta ya kupikia yakishika moto kwenye sufuria, usimwage maji kamwe, kwa sababu yatarusha moto hadi darini. Zima jiko, funika sufuria kwa kifuniko na uiache ipoe.

Nguo zikikushika moto, usikimbie. Simama, jiangushe chini, ujifunike uso kwa mikono na ubiringike hadi uzimike. Chumba kikijaa moshi, tambaa, kwa kuwa hewa safi iko karibu na sakafu. Ukishatoka usirudi kuchukua simu wala kitambulisho. Vitu hivyo hupatikana tena. Waite wazimamoto au polisi kupitia nambari 999 au 112, na uwaambie waziwazi kama kuna mtu aliyebaki ndani.

Akishachomeka

Wagonjwa wengi huletwa kwetu wakiwa wamepakwa dawa ya meno, mayai, unga, siagi, majivu au udongo. Tafadhali tuache. Vitu hivyo hushikilia joto ndani ya ngozi, huleta viini vya maradhi, nasi hulazimika kuvikwangua kutoka kwenye kidonda, jambo linalomtesa mgonjwa mara ya pili. Kuna watu husema dawa ya moto ni moto. Hospitalini dawa ya moto ni maji.

Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yanayotiririka, kwa dakika 20 kamili. Maji ya barafu hayafai. Mahali pasipo na bomba, tumia jagi na ndoo, ukimimina polepole. Ondoa pete, saa na nguo ambazo hazijagandamana na ngozi. Usipasue malengelenge. Kisha funika kwa kitambaa safi kisichoshika manyoya, umfunike mgonjwa asipate baridi, na umpeleke hospitalini, hasa akiwa mtoto mdogo, au ikiwa ameungua usoni, mikononi, miguuni au sehemu za siri.

Jambo la mwisho hapa halijulikani sana. Mtu aliyetoka katika moshi anaweza kuongea na kutembea vizuri, akasema hana neno, na saa chache baadaye koo likavimba na kumziba pumzi. Ukiona sauti yake imekwaruza, ana masizi puani au mdomoni, nywele za puani zimeungua, au anaumwa na kichwa na kutapika, apelekwe hospitalini mara moja hata kama ngozi yake haina alama. Na kile kifaa cha kubanwa kidoleni kisitumike kuwa ushahidi kwamba ni mzima, kwa kuwa kaboni monoksaidi hukidanganya kikaonyesha oksijeni ni ya kutosha wakati mwili unaikosa.

Fanya jaribio leo usiku

Ninayo ombi moja kwa kila aliyesoma hadi hapa. Leo usiku, watu wakishakula, funga nyumba kama unavyoifunga siku zote. Zima taa zote. Kila mtu alale kitandani mwake, pamoja na nyanya aliyetoka mashambani na mtoto mchanga. Kisha mmoja apige kelele ya moto, na mwingine ahesabu ni dakika ngapi zitapita hadi wote wawe wamesimama nje ya lango. Usimsaidie yeyote kwa tochi. Angalia nani alimbeba mtoto, nani alimshika nyanya mkono, na nani alitafuta ufunguo.

Ikiwa mlitoka nyote katika dakika mbili, nawapongeza, na mrudie zoezi baada ya miezi mitatu. Ikiwa mlikwama mlangoni, mmeujua ugonjwa wenu mapema, na dawa yake inauzwa kwa fundi wa vyuma. Kesho asubuhi ukifika kazini, tembea hadi mlango wa nyuma uusukume. Ukikataa kufunguka, uliza kwa sauti ya kusikika ufunguo uko na nani, na yeye yuko wapi wakati huo.